Maswali ya Wasomaji: Maganda ya Risasi Yanayobaki Uwanjani

Barua ya kwanza hapa chini tuliitaja kwa ufupi katika toleo lililopita, na baada ya hapo wasomaji wengine watatu wakatuandikia juu ya jambo lilo hilo. Tumeona ni afadhali tuwajibu wote kwa pamoja. Majina yao tumeyahifadhi.

SWALI: Assalaam aleikum, Mzee. Mimi ni kijana wa miaka 24 na ninaishi Kisauni. Tangu Idi iliyopita ninafanya kibarua katika uwanja mmoja wa kulenga shabaha ulio nje ya mji. Kazi yangu ni kufagia, kubandika karatasi za shabaha na kuokota maganda ya risasi wanachama wanapomaliza. Msimamizi ameniambia kwa mdomo kwamba yanayobaki mchangani ni yangu, nikitaka niyauze. Nimekwisha kujaza nusu gunia. Mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu amesema atalichukua bila maswali, lakini mama amekataa gunia lisivuke kizingiti cha nyumba, kwa hiyo nimeliweka kibandani kwa rafiki yangu. Je, maganda haya ni halali yangu? Na niyaokoteje yasinidhuru? — Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Nitaanza na lile gunia, kwa kuwa ndilo linaloweza kukutia mashakani kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Msimamizi wako huenda alisema kwa nia njema kabisa, lakini askari atakayekusimamisha barabarani na kulipapasa gunia lako hakuwapo mlipokuwa mkizungumza. Silaha na risasi nchini Kenya zinasimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na vibali hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Mwanachama anayekuja kulenga shabaha ana cheti kinachotaja silaha yake na kiasi cha risasi anachoruhusiwa kuwa nacho; wewe huna cheti, na rafiki yako mwenye kibanda hana vilevile. Ni kweli kwamba ganda lililokwisha kufyatuliwa haliwezi kumjeruhi mtu, na mawakili wanaweza kubishana kutwa nzima iwapo ganda tupu ni risasi mbele ya sheria au si risasi. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 juu ya silaha haramu, kwa mfano, inalihesabu ganda kuwa ni sehemu ya risasi pale ambapo nchi yenyewe imeziweka sehemu hizo chini ya kibali. Ubishi wa namna hiyo ni wa watu wenye fedha za kuwalipa mawakili. Usiwe wewe wa kuufungulia mlango ukiwa mahabusu jioni ya Ijumaa, ofisi zote zimefungwa na msimamizi wako hapokei simu.

Zaidi ya hayo, ganda hubeba habari. Chukua moja ulitazame kitako chake mbele ya mwanga. Utaona herufi na tarakimu zilizopigwa kiwandani kuonyesha mtengenezaji na aina ya risasi. Za kiwanda cha serikali cha Eldoret, kwa mfano, hubeba herufi KOFC. Katikati utaona kijishimo kilichoachwa na sindano ya bunduki ilipoigonga fataki, yaani ile duara ndogo inayoiwasha baruti, pembeni yake vijistari vyembamba kama vya ukucha, na kwenye ukingo mkwaruzo wa ile kucha ya chuma inayolivuta ganda kutoka ndani ya chemba. Alama hizo bunduki huziacha kwa namna yake yenyewe, na wataalamu wa upelelezi huzilinganisha kwa darubini ganda na ganda. Sasa fikiri: mtu akinunua maganda yako kilo mbili, akatupa matatu mahali alipomwibia au kumuua mwenziwe, wapelelezi watapoteza siku nyingi wakimfuata mwanachama wenu ambaye usiku huo alikuwa kitandani kwake. Ndiyo maana majeshi yaliyofuata desturi za Uingereza humtaka askari atamke kabla ya kuondoka uwanjani kwamba hana risasi wala ganda mwilini mwake. Si ubahili wa shaba.

Kwa hiyo, maganda ni ya nani? Katika viwanja vingi desturi ni kwamba mwenye bunduki ana haki ya kuchukua maganda yake mwenyewe siku hiyohiyo, na anayoyaacha huwa ni mali ya klabu. Klabu ikipenda kukupa, na ikupe kwa karatasi. Iandike tarehe, aina za maganda, uzito kwa kilo, maneno kwamba yamekaguliwa na hayana risasi nzima ndani yake, na itiwe saini na mhuri. Bora kuliko hilo ni klabu yenyewe iuze, kisha ikupe wewe fungu lako kwa fedha taslimu, nawe usibebe chochote. Mnunuzi naye awe na leseni, maana tangu Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 biashara hiyo inahitaji leseni na daftari la kuandika kilichonunuliwa na kilikotoka, na sote tunakumbuka jinsi biashara nzima ilivyosimamishwa Januari 2022 hadi Mei mwaka huo kwa sababu ya watu kuangusha nguzo na kukata nyaya za umeme. Huyo wako wa "bila maswali" anavunja sheria yake mwenyewe kwanza, na siku akikamatwa atakumbuka vizuri sana sura ya aliyemletea.

Gunia lililoko kwa rafiki yako lirudi klabu wiki hii. Usilipandishe matatu, na wala usijaribu kusafiri na hata ganda moja la ukumbusho kwenye begi kupitia stesheni ya reli ya Miritini au uwanja wa ndege, kwa kuwa mbwa wa ukaguzi wamefundishwa kunusa baruti, na harufu ya baruti haitoki gandani kwa siku mbili tatu. Mweleze msimamizi ukweli, umwombe atume gari la klabu pamoja na mwanachama mwenye cheti.

Ama juu ya kuokota, hilo nina ya kusema mengi, maana niliwahi kutunza stoo ya klabu moja kwa miaka kadhaa na makosa yote niliyafanya mimi kwanza. Bendera nyekundu ikiwa juu, hakuna cha kuokota. Usiiname nyuma ya mtu anayelenga kwa sababu tu umeona ganda limemdondokea miguuni. Ngoja amri ya kusitisha itolewe, bunduki zote zifunguliwe zionekane ni tupu, ziwekwe chini na wenyewe warudi nyuma wasiziguse. Baada ya hapo ndipo utaingia. Ganda linalotoka sasa hivi huwa la moto wa kuweza kuunguza ngozi. Nilimwona mzee mmoja mwenye heshima zake akicheza chakacha bila ngoma kwa sababu ganda la jirani yake lilikuwa limemwingia kwenye kola, na hatari haikuwa ule moto wenyewe bali ni kwamba bastola ilikuwa bado mkononi mwake anapokatika. Tangu siku hiyo tulikataza mashati ya kola wazi kwenye mstari.

Bastola nyingi hulitupa ganda upande wa kulia, nyuma kidogo, umbali wa hatua moja hadi tatu. Ukitandika turubai hapo kabla ya zoezi kuanza, kazi yako ya kuinama itapungua zaidi ya nusu, na maganda hayatazama kwenye mchanga wetu huu laini ambao ukipigwa na mvua ya masika humeza kila kitu. Yaliyokwisha kuzama yatoe kwa chekecheo la waya wenye matundu madogo, na kabla ya kuchekecha nyunyizia mchanga maji kidogo ili vumbi lisipae. Uteo wa mama uuache jikoni. Nitaeleza sababu katika jibu linalofuata. Vaa glavu, usivute sigara wala kutafuna miraa ukiwa kazini, na ukimaliza nawa kwa sabuni na maji baridi kabla mkono haujagusa chai.

Kagua kila ganda, moja moja. Yanayotafutwa ni risasi nzima zilizoanguka na zile zilizogoma, ambazo fataki yake ina kijishimo cha sindano lakini kichwa bado kipo mahali pake. Ukiiona ya namna hiyo, usiitie mfukoni wala ndooni, usiigongegonge, mwite msimamizi aichukue aiweke kwenye sanduku lake. Nilipokuwa stoo niliwahi kukuta risasi nzima tatu ndani ya ndoo ambayo ilikuwa imeandikwa kwa chaki "imekaguliwa", na mwandiko ulikuwa wangu.

Kuhusu thamani, usidanganywe kwenye mizani. Ganda la kawaida ni mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30, ambao wanunuzi wa mjini huuita brasi, na bei yake iko chini ya ile ya shaba tupu ya nyaya. Ganda la bastola ya milimita 9 lina uzito wa gramu 4 hivi, kwa hiyo kilo moja ni kama maganda 250; la bunduki kubwa ya milimita 7.62 kwa 51 linakaribia gramu 12, na 85 hivi hutimiza kilo. Yale madogo ya inchi .22 hayafiki hata gramu moja, nawe utaokota zaidi ya elfu moja kabla mizani haijakuheshimu. Pitisha sumaku juu ya rundo. Yanayonaswa ni ya chuma yaliyopakwa rangi, hayana bei ya brasi. Ya rangi ya fedha yasiyonaswa mara nyingi ni brasi iliyopakwa nikeli, ila yakiwa mepesi mno mkononi yatakuwa ni alumini. Ya bunduki za marisau, zile zinazotawanya vipira vidogo vingi, ni plastiki yenye kitako cha chuma, na hayo weka kando kabisa.

SWALI: Bwana Mjibu Maswali, salamu. Mume wangu ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, na kila Jumapili hurudi na maganda mifukoni. Watoto wameyafanya filimbi: huliweka ganda kwenye mdomo wa chini wakapuliza, na mdogo wetu wa mwaka mmoja na nusu huwaiga, mara huling'ata. Sisi tunakaa Mikindani, na baada ya mambo ya Owino Uhuru, ambako madini ya risasi ya kiwanda yaliwadhuru watu, neno "risasi" linanitia hofu. Je, risasi iliyowadhuru watu kule na hii ya mume wangu ni kitu kimoja, au ni majina tu yamefanana? — Mama wa watoto watatu, Mikindani

JIBU: Ni kitu kimoja, Bi. Lugha yetu imelipa madini yale na kile kinachotoka kwenye mtutu jina moja kwa sababu tangu zamani kimoja kilitengenezwa kwa kingine, na hapa jina limetutendea wema kwa kutukumbusha. Watu wengi hudhani kwamba madini ya risasi yapo kwenye kichwa tu, na kichwa kimekwenda zake kwenye tuta la mchanga, kwa hiyo ganda ni safi. Sivyo. Fataki ya kawaida, ile duara ndogo kitakoni, ina kemikali yenye madini ya risasi ndani yake, nayo ikilipuka hugeuka moshi unaoganda ndani ya ganda, kwenye mikono ya mlengaji, kwenye nywele zake na kwenye mikunjo ya suruali. Chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, usokote ncha yake uiingize ndani ya filimbi mojawapo ya watoto. Utaitoa na masizi ya kijivu yaliyokolea. Ndiyo hayo wanayoyapuliza na kuyavuta.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha madini hayo katika damu kinachojulikana kuwa salama, na katika mwongozo wake wa mwaka 2021 limeelekeza kwamba mtu akipatikana na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Mtoto mdogo huathirika kuliko mtu mzima kwa sababu ubongo wake ungali ukijengeka, tumbo lake hufyonza sehemu kubwa zaidi ya anachomeza, na mikono yake haitoki mdomoni. Mtoto aliyepungukiwa na madini ya chuma au kalsiamu hufyonza zaidi ya hapo.

Hata hivyo sitaki ukose usingizi. Yale ya Owino Uhuru yalikuwa ya kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu ukutani mwa nyumba za watu, moshi na maji machafu yakiwaingilia mchana na usiku kwa miaka. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi pale na mwanawe akaugua, ndiye aliyeongoza mapambano yale hadi akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 Julai 2020, hukumu ambayo ilipinduliwa katika rufaa kisha ikarudishwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Mfuko wa maganda haulingani na kiwanda. Lakini mfuko wa kila Jumapili, katika nyumba yenye mtoto anayeng'ata kila kitu, si jambo la kuliacha liendelee hata wiki moja zaidi.

Filimbi zote zikusanywe leo, zitiwe katika kopo lenye kifuniko na zirudi klabu na mwenyewe. Mume wako abadilishe nguo na viatu kabla ya kuingia ndani, na kabla ya kumpakata mtoto aoge au walau anawe mikono, uso na ndevu. Nguo hizo zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi wala shuka. Sakafu ya mahali watoto wanapochezea usiifagie kwa ufagio mkavu, kwani utayainua yaliyotulia. Ipanguse kwa tambara lenye maji na sabuni, kisha tambara lisuuzwe nje. Ikiwa umewahi kupepetea maganda kwa uteo wa mchele, au kuyaosha katika sufuria ya chakula, vyombo hivyo visirudi jikoni. Mpeleke mdogo hospitali umwombe daktari kipimo cha madini ya risasi katika damu, na umweleze wazi kuhusu filimbi, maana usipotaja atakuuliza juu ya minyoo.

Najua si rahisi mke kumwambia mume mambo haya bila kuonekana anampiga vita kwa starehe yake. Mpe ukurasa huu ausome mwenyewe.

SWALI: Mzee, shikamoo. Mimi ni fundi wa kuyeyusha, nina tanuri dogo Changamwe. Natengeneza bangili, vitasa na vifungo vya milango kutokana na mifereji mibovu na makufuli. Nimeambiwa brasi ya maganda ya risasi ni safi kuliko ya mifereji. Je, ninunue? Halafu nina jambo jingine: siku nikiyeyusha sana, usiku napata homa na baridi kama malaria, nikipimwa sina malaria, kesho yake nimepona. — Fundi, Changamwe

JIBU: Marahaba, fundi. Uliyoambiwa ni kweli. Brasi ya mifereji mara nyingi huongezwa madini ya risasi makusudi ili ichongeke kwa urahisi, ilhali metali ya ganda ni shaba na zinki peke yake, laini, inayokubali nyundo na kung'arishwa. Wenzako wa Ethiopia wamekuwa wakiyeyusha maganda kuwa shanga za mikufu, na kazi hiyo imewafikisha kwenye masoko ya mbali. Pwani yetu nayo haikuanza jana kuithamini metali hii: siwa ya Lamu, lile baragumu kubwa la sherehe, ni ya shaba, na dele la kahawa linalopita Mji wa Kale jioni limeng'aa kwa shaba ileile.

Homa yako ina jina lake kwa madaktari, nayo inatokana na zinki. Brasi huyeyuka kwenye joto la zaidi kidogo ya nyuzi 900 za Selsiasi, na zinki yenyewe huchemka kwenye nyuzi 907, kwa hiyo ukizidisha moto kidogo tu zinki hutoka kama moshi mweupe mzito unaoacha unga kama wa muhogo kwenye paa la kibanda. Ukiuvuta, homa huja saa nne hadi kumi baadaye, ukiwa umekwisha kufika nyumbani, na huisha kwa siku moja au mbili. Mafundi wengi hunywa maziwa wakidhani yanasafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanaingia tumboni na moshi uliingia mapafuni. Tanuri litoe nje penye upepo, nawe usimame upande upepo unakotokea. Mwelekeo huo hugeuka kusi inapoipisha kaskazi, na kibanda chako hakigeuki. Funika uso wa brasi iliyoyeyuka kwa chupa iliyosagwa ili ukoko wake uizuie zinki isitoroke, na uondoe moto mara tu inapolegea vya kutosha kumiminika. Homa ikikaa zaidi ya siku mbili, au pumzi ikibana, usingoje.

Kuhusu kununua, nunua tu yenye karatasi ya klabu kama nilivyomweleza kijana wa Kisauni, na udai yaletwe yakiwa yamekwisha kupondwa midomo. Ganda lililopondwa halifichi risasi ndani ya rundo, halishiki maji na haliwezi kujazwa tena na mtu yeyote. Hilo la maji lizingatie sana: ganda zima lililolala na umande ndani yake likitumbukizwa kwenye chungu cha metali iliyoyeyuka, maji hugeuka mvuke mara moja na metali hukurukia usoni. Yaanike juani, kisha yapashe moto pembeni mwa tanuri kabla ya kuyatia. Fataki nazo zing'olewe kwanza, maana humo ndimo yalimo mabaki ya madini ya risasi, na ikiwa iko iliyogoma italia ndani ya moto.

SWALI: Nina cheti cha silaha na nimeweka maganda yangu yapatayo elfu mbili katika banda nyuma ya nyumba, ukuta mmoja na zizi la mbuzi, nikitumaini siku moja kupata ruhusa ya kuyajaza upya. Mengi yamepasuka shingoni bila kuguswa. Tumeyaosha kwa ukwaju na mara moja kwa siki. Je, ni ukwaju? — Mwanachama, Nyali

JIBU: Ukwaju hauna hatia, Bwana. Bibi zetu wamesugulia madele kwa ukwaju na ndimu miaka yote, na ukiyasuuza vizuri baada ya dakika chache hauli kitu zaidi ya kutu ya juu. Siki ndiyo ningeiacha, hasa ikiwa na chumvi au yakilazwa ndani yake usiku kucha, kwani huichomoa zinki na kuyaacha na wekundu. Ganda lililogeuka rangi ya waridi limekwisha kudhoofika. Hewa ya bahari nayo hufanya vivyo hivyo polepole.

Aliyeyapasua maganda yako ni mbuzi. Mkojo wa mifugo hutoa amonia, na amonia hushambulia brasi mahali ilipokunjwa au kubanwa kiwandani, yaani shingoni. Waingereza walilipata tatizo hilohilo India, ambapo risasi zilizowekwa karibu na mazizi ya farasi zilikuwa zikipasuka zenyewe msimu wa mvua, na ilichukua muda hadi ikafahamika kwamba sababu haikuwa mvua bali ni hewa ya zizi pamoja na unyevu. Baadhi ya dawa za kung'arishia shaba zinazouzwa madukani zina amonia pia, kwa hiyo soma chupa. Yaliyo mazima yahamishie kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na mbuzi na mbali na dirisha linalotazama bahari, na usiyahesabu kuwa salama kwa sababu tu hujaona ufa. Ufa waweza kuanzia ndani usikoonekana.

Kujaza upya ni kutengeneza risasi. Usinunue hata kijiko cha baruti wala fataki moja kabla hujapata kibali cha maandishi cha Bodi ya Leseni za Silaha, hata kama rafiki aliyeko Marekani amekwambia kule kila mtu hufanya barazani kwake. Na yale ya .22, ikiwa yamo, usiyatunze kwa nia hiyo, maana fataki yake imo ndani ya ukingo wa ganda lenyewe na haibadilishwi.

Yaliyopasuka yalaze juu ya jiwe, uyaponde midomo kwa nyundo moja baada ya jingine, kisha uyarudishe klabu yaingie kwenye ndoo ya brasi ya kuuzwa. Yule kijana wa Kisauni atayapima.